HABARI ZA PROGRAMU YA SPICE NA UCHAGUZI WA MWANAFUNZI WA UHANDISI WA UMEME

Katika makala haya nakusudia kueleza asili na maenezi ya programu moja ya kompyuta iitwayo SPICE, ambayo kazi yake ni kuiga mwendo wa umeme ndani ya saketi kabla saketi yenyewe haijatengenezwa. Msomaji wa jarida la lugha aweza kustaajabu na kuuliza: habari za mafundi wa umeme zaingiaje katika kurasa hizi? Majawabu ni mawili. La kwanza ni kwamba SPICE ilizaliwa pamoja na maandishi yake, yaani herufi chache, kanuni chache za kuzipanga, na maana moja kwa kila mstari. Maandishi hayo yamekwisha pita miaka 50, na katika muda huo mashine zilizoyasoma mwanzo zimekuwa vyuma chakavu. La pili ni kwamba kila mwaka wanafunzi wa uhandisi wa umeme hulazimika kuamua watajifunzia kazi yao kwa programu ipi, na mara nyingi huamua kwa kufuata rafiki au kwa kufuata bei. Napenda kuonyesha kwamba swali lao lina historia, na kwamba mtu akiijua historia hiyo atachagua kwa namna nyingine.

Wahenga walisema, Mchagua jembe si mkulima. Wakasema tena, Mchagua nazi hupata koroma. Methali zote mbili zamwonya mwenye kuchagua sana. Lakini jembe la methali, likishanunuliwa, ni mali ya mkulima mwenyewe. Hakuna mtu awezaye kulizima likiwa shambani. Programu si hivyo. Ipo ambayo mwanafunzi akiipata hubaki nayo maisha yake yote, na ipo ambayo huazimwa kwa muda, kisha siku ya kuhitimu idhini yake hukatika, na kazi zote alizoandika humo hazifunguki. Tofauti hii haikutokea kwa bahati. Ilianzia katika uamuzi wa mtu mmoja, nao ndio kiini cha habari hii.

I. Kabla ya SPICE

Tangu mwanzo wa ufundi wa redio, fundi aliyebuni saketi mpya aliijaribu kwa kuijenga. Katika Marekani wapenzi wa redio wa zamani walitwaa ubao wa jikoni wa kukatia mkate, wakapigilia misumari, wakafunga nyaya na valvu juu yake. Ndiyo sababu hata leo kibao cha majaribio huitwa kwa Kiingereza ubao wa mkate, ingawa kimekuwa kipande cha plastiki chenye matundu. Desturi hiyo ilifaa maadamu saketi ilikuwa na vifaa vichache vinavyoshikika kwa vidole.

Mambo yaligeuka ilipokuja saketi jumuishi, yaani saketi nzima iliyofanyizwa juu ya kipande kimoja cha silikoni. Jack Kilby wa kampuni ya Texas Instruments alionyesha ya kwanza mwaka 1958, na mwaka 1959 Robert Noyce wa kampuni ya Fairchild akabuni njia iliyofaa kwa utengenezaji wa wingi. Katika saketi ya namna hiyo transista hukaa karibu mno hata zikaathiriana, na mfano uliojengwa mezani kwa transista mojamoja na nyaya ndefu hauna tabia zile zile. Tena kosa likigunduliwa baada ya kipande kutoka kiwandani, haliwezi kusahihishwa kwa koleo na risasi ya kulehemia. Hapana budi kuanza upya, baada ya majuma mengi na gharama nyingi.

Basi haja ya kuhesabu badala ya kujenga ikawa kubwa. Katikati ya miaka ya 1960 kampuni ya IBM ilikuwa imekwisha toa programu yake iitwayo ECAP. Programu nyingine nyingi za wakati huo zilitungwa kwa fedha za Wizara ya Ulinzi ya Marekani, nayo Wizara ilishurutisha kwamba ziweze kupima jinsi saketi itakavyostahimili mnururisho, yaani miale kama ile itokanayo na mlipuko wa nyuklia. Shurti hilo lilikuwa na maana kwa watengenezaji wa makombora, lakini kwa fundi wa redio au wa mashine ya kuhesabia lilikuwa mzigo tu.

II. Darasa la Berkeley

Katika mwaka wa masomo wa 1969 hadi 1970, Ronald Rohrer, mwalimu katika Chuo Kikuu cha California kilichoko Berkeley, aliendesha darasa ambalo kazi yake ilikuwa kutunga programu ya kuiga saketi. Miongoni mwa wanafunzi wake alikuwamo Laurence Nagel. Kazi iliyoanza hapo ilizaa programu iliyopewa jina la CANCER, na mwaka 1971 Nagel na Rohrer walichapisha maelezo yake.

Jina hilo lilifumwa kwa herufi za kwanza za maneno ya Kiingereza yenye maana ya “uchanganuzi kwa kompyuta wa saketi zisizo za mstari nyoofu, bila mnururisho”. Likisomwa kama neno zima, maana yake ni saratani. Sitakaa juu ya ubaya wa jina. Uzito wake umo katika maneno yale ya mwisho, “bila mnururisho”. Hiyo ilikuwa miaka ya vita vya Vietnam, na Berkeley ilijulikana ulimwenguni kwa upinzani wa wanafunzi wake. Programu inayotangaza katika jina lake yenyewe kwamba haitafanya kazi waliyoitaka wafadhili wa silaha inatueleza jambo kuhusu mahali ilipotungwa.

Yafaa nieleze kwa ufupi jinsi programu kama hiyo ifanyavyo kazi, maana bila ya hayo mengine hayataeleweka. Mahali ambapo vifaa viwili au zaidi hukutana katika saketi huitwa nodi, nami nitatumia neno letu la kale fundo, kwa kuwa ndilo lenye picha ile ile. Mwaka 1845 Gustav Kirchhoff alieleza kwamba jumla ya mikondo ya umeme inayoingia katika fundo hulingana na jumla ya inayotoka. Basi kila fundo huleta mlinganyo wake, na saketi yenye mafundo mia huleta milinganyo karibu mia, ambayo sharti ifumbuliwe kwa pamoja. Tena transista haitii mstari nyoofu: ukiongeza volteji kidogo, mkondo waweza kuongezeka mara nyingi. Kwa sababu hiyo jawabu halipatikani kwa hesabu moja. Programu hukisia, hupima kosa la kisio, hulisahihisha kwa njia ya Newton na Raphson, kisha hukisia tena, mpaka visio viwili vinavyofuatana vikaribiane sana. Mara nyingine visio hukataa kukaribiana, na programu hutangaza kushindwa. Hakuna mwanafunzi wa fani hii asiyeujua uchungu wa tangazo hilo.

Ustadi wa watu wa Berkeley ulikuwa katika kuona kwamba kila fundo huungana na mafundo machache tu ya jirani, hata jedwali la milinganyo hujaa sifuri. Programu yao iliruka zile sifuri badala ya kuzihesabu, na hivyo ikaweza kuchukua saketi kubwa kwa mashine ndogo ya siku zile.

III. Uamuzi wa Pederson

Rohrer aliondoka Berkeley, na Nagel akawa chini ya uangalizi wa Donald Pederson. Mtu huyu, aliyezaliwa mwaka 1925 na kufariki mwaka 2004, hakuwa mgeni wa mambo magumu. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 alianzisha hapo chuoni karakana ya kutengenezea saketi jumuishi, wakati ambapo wengi waliona kazi hiyo ni ya viwanda peke yake. Sasa alimwekea Nagel sharti moja. CANCER ilikuwa na mipaka ya umiliki. Pederson alitaka iandikwe upya kiasi cha kuiondoa mipaka hiyo, ili programu iweze kuwa mali ya watu wote.

Ndivyo ilivyofanyika. Programu mpya ikaitwa SPICE, jina lililofumwa kwa herufi za maneno yenye maana ya “programu ya kuiga yenye mkazo juu ya saketi jumuishi”, nayo ikatangazwa mwaka 1973 katika mkutano wa wataalamu wa saketi uliofanyika Waterloo, nchini Kanada. Mwaka 1975 Nagel alitoa tasnifu yake juu ya SPICE2, na hapo ndipo umaarufu ulipoanza. SPICE ya kwanza ilikwenda kwa hatua za muda zisizobadilika; SPICE2 ilijua kufupisha hatua pale umeme unapobadilika upesi na kuirefusha pale unapotulia. Tena iliweza kuchukua aina za vifaa ambazo njia ya kwanza ilishindwa kuziandika vizuri. Zote mbili zilitungwa kwa lugha ya kompyuta iitwayo FORTRAN.

Aliyeitaka aliletewa programu nzima pamoja na maandishi yake ya ndani, kwa malipo madogo yaliyotosha gharama ya kanda ya sumaku. Pederson alitaka nao walioitumia wairudishie Berkeley masahihisho yao. Wanafunzi waliohitimu wakaenda viwandani na programu waliyoizoea, na viwanda vikapeleka makosa na maongezo chuoni. Hivyo chuo kilipata kwa kutoa. Hata hivyo haifai kusifu kupita kiasi: katika idhini ya kwanza ulikuwamo mpaka mmoja, kwamba programu isipelekwe katika nchi ambazo Marekani haikuzihesabu kuwa rafiki. Mpaka huo uliondoka baadaye, na leo maandishi ya SPICE ya Berkeley yako chini ya leseni ya BSD, inayomruhusu kila mtu kuyatumia, kuyageuza na hata kuyauza.

Hapa mchunguzi wa lugha aniwie radhi nikitaja jambo moja dogo. Neno la Kiingereza lililofanywa jina la programu hii maana yake ni kiungo cha chakula. Lakini katika Kiswahili kiungo ni kile kitiwacho katika mchuzi, na pia ni mahali ambapo vitu viwili hushikamana. Watungaji walikusudia ladha. Kiswahili, bila ya kuulizwa, kimeongeza maana ya pili iliyo sawasawa na kazi ya programu yenyewe, ambayo ni kuhesabu yanayotukia kwenye viungo vya saketi.

IV. Maandishi ya kadi

Katika siku za Nagel mtu hakuchora saketi mbele ya kioo. Aliandika kila kifaa katika kadi ya karatasi nene yenye safu 80, kwa mashine ya kutoboa matundu, kisha akazipanga kadi na kuzikabidhi kwa watunza kompyuta. Jawabu lilirudi likiwa limechapwa katika karatasi, na hata michoro yake ilikuwa ya vinyota vilivyopangwa mstari baada ya mstari. Hebu tutazame saketi ndogo kabisa kama ilivyoandikwa wakati huo:

MFANO WA KUGAWA VOLTEJI
V1 1 0 10
R1 1 2 1K
R2 2 0 1K
.OP
.END

Mstari wa kwanza ni jina, wala programu haiusomi kama kifaa. Katika mistari inayofuata, herufi ya mwanzo yataja jinsi ya kifaa: V ni chanzo cha volteji, R ni rezista. Namba mbili zinazofuata ni mafundo ambamo kifaa kimefungwa, na fundo la 0 daima ni ardhi. Neno la mwisho ni kiasi: volti 10, kisha omu 1,000 na omu 1,000. Mistari inayoanza kwa nukta ni amri. Programu itajibu kwamba fundo la 2 lina volti 5, na mwanafunzi aweza kulihakikisha jawabu hilo kichwani.

Sarufi hii ni fupi kuliko sarufi ya lugha yoyote tuijuayo, lakini kama kila sarufi imehifadhi mabaki ya maisha ya wenyewe. Mashine za wakati ule ziliandika herufi kubwa tu. Kwa hiyo herufi M haikuweza kuwa na maana mbili, ndogo kwa sehemu ya elfu na kubwa kwa milioni, kama ilivyo katika vipimo vya kimataifa. Watungaji wakaamua kwamba M ni sehemu ya elfu, na milioni iandikwe MEG. Desturi hiyo ingali hai, hata katika kompyuta zenye herufi za kila namna. Mwanafunzi anayetaka rezista ya omu milioni moja mahali pa R2, akaandika 1M kama alivyofundishwa katika fizikia, atapewa sehemu moja ya elfu ya omu. Badala ya volti 9.99 katika fundo la 2 ataona volti 0.00001, na pengine atapoteza usiku mzima akiilaumu transista. Vivyo hivyo aandikaye 1F akikusudia faradi moja hupewa femto, yaani faradi moja iliyogawanywa kwa namba 1 yenye sifuri 15.

Mabaki mengine ni mepesi. Mstari mrefu huendelezwa kwa kuanza mstari mwingine kwa alama ya kujumlisha, kwa sababu kadi ilikwisha kwenye safu ya 80. Aliyesahau kuandika jina katika mstari wa kwanza hupotelewa na kifaa chake cha kwanza bila ya kuonywa. Na mafundi ambao hawajapata kuiona kadi ya matundu maishani mwao wangali wakiiita mistari ya programu “kadi”. Wenzetu wanaochunguza maneno yaliyobaki baada ya vitu kutoweka wana shamba zuri hapa.

V. Lahaja na watoto wa SPICE

Toleo la mwisho la FORTRAN, liitwalo 2G6, lilitoka mwaka 1983, na ndilo lililokuwa kigezo cha viwanda. Mwaka 1989 ikatoka SPICE3, iliyoandikwa na Thomas Quarles kwa lugha ya C. Lakini kwa wakati huo watoto wa SPICE walikuwa wamekwisha tawanyika. Kwa kuwa maandishi yalikuwa ya wote, kila mwenye biashara aliweza kuyatwaa, kuyatengeneza na kuyauza kwa jina jipya. Ndivyo ilivyotokea HSPICE, iliyopendwa na watengenezaji wa saketi jumuishi. Mwaka 1984 kampuni ya MicroSim ilitoa PSpice, iliyoweza kufanya kazi katika kompyuta ndogo ya mezani ya IBM. Mwanafunzi aliyekuwa akisubiri zamu ya mashine kubwa ya chuo aliweza sasa kuiga saketi peke yake.

Watoto hawa huzungumza lugha moja kwa lahaja mbalimbali. Rezista, kapasita na transista huandikwa na wote kwa namna moja. Tofauti huanza katika amri za pekee na katika maelezo ya vifaa vigumu. Aliyejifunza PSpice husoma maandishi ya HSPICE kama Mwunguja asomavyo utenzi wa Kiamu: kiini chamwelea, lakini hapa na pale husimama kuuliza. Tofauti ni kwamba Kiswahili kilifanyiwa usanifishaji. Kamati ya Lugha iliundwa mwaka 1930, na Kiunguja kikawa msingi. Lugha ya SPICE haikupata kamati. Kilichoishika isivunjike ni mazoea ya watu, pamoja na 2G6 iliyokuwa wazi kusomwa na kila mwenye shaka.

VI. Zawadi na mlango wake

Hapa nageukia kwetu kwa muda mfupi, kwa kuwa miaka yenyewe yagongana. Mwaka 1973, mwaka ule ule SPICE ilipotangazwa, Kitivo cha Uhandisi kilifunguliwa katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na umeme ulikuwa mojawapo ya masomo yake. Mwaka 1974 Serikali ya Tanzania, baada ya jaribio la kutumia kompyuta katika hesabu zake kushindwa, ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini isipokuwa kwa idhini maalum. Marufuku hiyo ilikuja kulegezwa kidogo kidogo katika miaka iliyofuata. Simlaumu mtu. Fedha za kigeni zilikuwa chache, na mashine zile zilikuwa zimeleta hasara ya kweli. Lakini tukio hilo lafundisha kwamba kuondoa bei ya programu hakutoshi kuifikisha kwa kila mtu. Kanda ya sumaku kutoka Berkeley ilikuwa rahisi. Mashine ya kuisoma ndiyo iliyokuwa ghali.

Leo mlango wa mashine umefunguka zaidi, maana kompyuta ya mkononi ya bei nafuu ina nguvu kupita mashine kubwa aliyoitumia Nagel. Mlango uliobaki ni wa idhini. Programu za bei kubwa huingia mabwenini zikiwa zimevunjwa kufuli, zikipitishwa mkono kwa mkono. Mwanafunzi huzitumia miaka minne, kisha huhitimu akiwa na ustadi ambao hawezi kuuonyesha hadharani kwa mwajiri mdogo asiyeweza kuzinunua. Huo ndio msiba ninaotaka kuuonyesha, tena ni msiba usio wa lazima, kwa kuwa uamuzi wa Pederson ulikwisha uondoa mapema.

VII. Uchaguzi

Programu zinazomkabili mwanafunzi wa leo zaweza kugawanywa katika mafungu matatu.

Fungu la kwanza ni la zile zinazouzwa, kama PSpice na Multisim. Zina michoro mizuri, zina vitabu vingi vya kufundishia, na mara nyingine huwa na toleo la wanafunzi. Toleo la namna hiyo sharti lisomwe kwa makini, kwa kuwa mara nyingi huwekewa mipaka ya ukubwa wa saketi au ya muda wa kutumia.

Fungu la pili ni la zile zitolewazo bure na kampuni zenye kuuza vifaa. Mashuhuri kati yao ni LTspice, iliyotungwa na Mike Engelhardt katika kampuni ya Linear Technology, ambayo mwaka 2017 ilinunuliwa na Analog Devices. Haina mpaka wa mafundo, ni nyepesi, na wahandisi wengi wenye kazi huitumia. Kampuni huitoa ili mhandisi aigapo saketi avikute vifaa vyake humo na kuvinunua. Hapana ubaya, maadamu mwanafunzi ajua kwamba duka na darasa vimejengwa chini ya paa moja, na kwamba maandishi ya ndani ya programu hawezi kuyaona.

Fungu la tatu ni la warithi halisi wa Berkeley, ambao maandishi yao ya ndani yako wazi. Ngspice ilijengwa juu ya SPICE3, na tangu mwaka 2018 imeunganishwa ndani ya KiCad, programu ya kuchorea saketi iliyoanzishwa mwaka 1992 na Jean-Pierre Charras, mwalimu wa Grenoble nchini Ufaransa. Kundi hili lilikuwa gumu kwa wanaoanza, na hata sasa humtaka mtu avumilie. Lakini mwanafunzi akiuliza jawabu limetoka wapi, aweza kufuata swali lake mpaka kwenye mstari wa hesabu.

Ushauri wangu si kwamba fungu moja litumiwe na mengine yatupwe. Mwanafunzi na aanze kwa kuandika saketi tano au kumi kwa mkono, kwa maandishi ya kadi, katika ngspice au LTspice, kabla ya kugusa mchoro wowote. Atakosea M na MEG, atasahau mstari wa jina, atayajua makosa hayo, na hayatamtisha tena. Baada ya hapo, chuo kikimpa programu ya kuuzwa, na aitumie kwa furaha, kwa kuwa ataiona kuwa ni lahaja ya lugha aijuayo. Na kila kazi anayoithamini aihifadhi pia kwa maandishi matupu. Faili la mchoro lamtegemea mwenye programu; orodha ya vifaa iliyoandikwa kwa herufi husomwa hata pale kampuni itakapokuwa imefungwa.

Onyo moja halina budi kuongezwa. Robert Pease, mhandisi mashuhuri wa saketi wa kampuni ya National Semiconductor, aliandika miaka mingi katika magazeti ya ufundi akiwaonya watu wasiiamini SPICE kuliko meza ya majaribio. Alifariki mwaka 2011, mwaka ule ule ambao shirika la wahandisi la IEEE liliitambua SPICE kuwa alama ya kihistoria. Wote wawili, msifiaji na mkosoaji, walikuwa na haki. Sisi tusomao viigizi vya Kiswahili twajua kwamba chubwi! si maji yenyewe: ni sauti ya mwanadamu iliyokubaliwa na wasemaji kusimama badala ya tukio. Mwigo wa saketi ni hivyo hivyo. Ni usemi uliokubaliwa juu ya transista, wala si transista, na usemi huwa kweli kadiri ya mtu aliyechunguza kitu kabla ya kukisema. Mwanafunzi asiyepata kupima volteji kwa mita hawezi kujua ni lini kompyuta inamdanganya.

Nihitimishe kwa jambo linalotuhusu sisi wa lugha. Maandishi ya SPICE hayafungamani na Kiingereza. Ni herufi, namba na vifupi vichache. Maelezo yake yaweza kutolewa darasani kwa Kiswahili tangu siku ya kwanza, kwa maneno tuliyo nayo: saketi, fundo, mkondo, ukinzani, volteji, mlinganyo, kisio. Nimejaribu katika kurasa hizi kutumia maneno hayo bila ya kuyaegemeza kwa mengine. Mwalimu wa uhandisi aliye tayari kufundisha saketi ile ya mistari sita kwa Kiswahili hahitaji fedha wala kibali, maana programu yenyewe imekuwa wazi kwake tangu Pederson alipokataa kuifunga.